Kipimo kilisema "hapana": kisa cha sato wa Ziwa Volta

Anayefuga sato, samaki wa jamii ya tilapia, kwenye vizimba vya nyavu ziwani hashtuki akikuta samaki wachache wanaelea asubuhi. Anawachota kwa wavu wa mkono, anawahesabu, anaandika kwenye daftari, kisha anamwaga chakula na siku inaendelea. Kinachomshtua ni daftari lenyewe, pale tarakimu ya leo inapoizidi ya jana, ya kesho ikaizidi ya leo, na wiki ikaisha hivyohivyo.

Ndivyo ilivyokuwa Ziwa Volta, nchini Ghana, mwishoni mwa mwaka 2018. Yalikuwapo mashamba ya vizimba yaliyopoteza zaidi ya nusu ya samaki wao. Waliokuwa karibu na sekta hiyo walikuwa na jibu tayari mdomoni: TiLV, virusi vya tilapia vilivyokuwa vikitangazwa dunia nzima tangu mwaka uliotangulia. Sampuli zikapimwa TiLV. Majibu yakarudi: hapana.

Hiyo "hapana" ndiyo iliyonivuta kukiandika kisa hiki. Kwa mtu aliyezoea maabara, jibu la hapana ni nafuu. Huku lilikuwa mwanzo wa tatizo, kwa sababu samaki waliendelea kufa na jina la kinachowaua halikuwapo.

Ziwa lenyewe

Volta si ziwa la asili. Lilizaliwa baada ya ujenzi wa bwawa la Akosombo kukamilika mwaka 1965, maji yakajaa bonde hadi kufikia kilomita za mraba zipatazo 8,500. Kwa ukubwa wa eneo ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na binadamu. Lilikusudiwa umeme. Samaki wa kufuga walikuja baadaye sana, na walipokuja walirundikana upande wa kusini, karibu na Akosombo, na chini yake kuelekea bwawa la pili la Kpong. Sababu ni za kawaida: barabara ipo, soko la Accra liko karibu, maji ni masafi na yana joto mwaka mzima.

Kufikia mwaka 2016 Ghana ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 50,000 za samaki wa kufuga kwa mwaka, karibu wote wakiwa sato, na sehemu kubwa ikitoka kwenye vizimba vya ziwa hilo. Miaka ya mwanzo ya 2000 uzalishaji haukuwa hata sehemu ya kumi ya hapo. Ukuaji wa namna hii unafurahisha kwenye taarifa za wizara. Kwa mtu wa afya ya samaki unatia wasiwasi, maana vizimba huongezeka haraka kuliko maabara, kuliko mabwana samaki, na kuliko kanuni za umbali kati ya shamba na shamba.

Sheria ilitaka wafugaji watumie sato wa asili ya bonde la Volta walioboreshwa kwenye kituo cha utafiti cha Akosombo, na kwa sababu nzuri: sato ni samaki wa Afrika, mito na maziwa yetu ndiyo ghala la vinasaba vyake, na kumleta ndugu yake aliyefugwa ugenini ni kuchafua ghala. Tatizo ni kwamba ndugu huyo wa ugenini, yaani tilapia wa GIFT aliyetokana na mradi ulioanzia Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980, ana sifa ya kukua haraka. Mfugaji akisikia kuna samaki anayewahi kufika uzito wa soko, na kila siku ya ziada kizimbani ni gunia jingine la chakula, kanuni ya vinasaba inakuwa hadithi ya watu wa ofisini. Nitarudi hapa.

Hofu iliyokuwa tayari

Ili kuelewa kwa nini kila mtu alitaja TiLV, lazima turudi nyuma kidogo. Kuanzia mwaka 2009 wavuvi na wafugaji wa Israeli waliona tilapia wakipungua na kufa bila maelezo, wa porini katika Bahari ya Galilaya na wa kwenye mabwawa pia. Mwaka 2014 wanasayansi wa huko walieleza virusi vipya na kuviita virusi vya tilapia wa ziwani. Mwaka huohuo ulichapishwa ugonjwa wa ini uliokuwa ukiua tilapia Ecuador, na baadaye ikabainika ni jamaa yuleyule. Tarehe 26 Mei 2017 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa tahadhari maalumu kwa dunia, ikitaja nchi 5 zilizothibitisha: Colombia, Ecuador, Israeli, Misri na Thailand. Misri ndiyo iliyowagusa zaidi Waafrika, kwa sababu ndiye mfugaji mkubwa wa sato barani.

Ghana ilisikia. Katikati ya mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa tilapia kutoka nje, na sababu iliyotajwa ni kuwakinga samaki wa ndani dhidi ya TiLV. Sioni kosa katika uamuzi huo. Nchi iliyokuwa na habari ile na ikakaa kimya ndiyo ingestahili lawama. Ila marufuku ya namna hii huwabana wanaopita bandarini na karatasi zao. Anayebeba vifaranga hai kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni na kufichwa kwenye mizigo hajawahi kuomba kibali, kwa hiyo hakuna cha kumnyima.

Kulikuwa na hofu ya pili, ya zamani zaidi na iliyozoeleka: bakteria. Kabla ya mlipuko huu, vifo katika vizimba vya Volta vilikwisha kuhusishwa na Streptococcus agalactiae, bakteria anayefahamika na kila mfugaji mkubwa wa tilapia duniani. Samaki aliyeshikwa naye huogelea kwa kuzunguka, hujikunja, macho humtoka, tumbo linaweza kujaa maji. Dawa yake ni antibiotiki kwenye chakula, na kinga yake ni chanjo. Kwa hiyo mfugaji wa Volta aliyeona samaki weusi wanaozunguka hovyo mwezi Oktoba 2018 alikuwa na maelezo mawili yaliyomtosha. Ama ni bakteria wa siku zote, ama ni TiLV amefika.

Maelezo yanayotosha ni hatari kuliko ujinga. Asiyejua huuliza. Anayedhani anajua huongeza dozi.

Tena bakteria wana tabia moja inayopotosha. Samaki aliyedhoofishwa na virusi huvamiwa na bakteria wa majini, ambao siku zote wapo wakisubiri. Fundi wa maabara akichukua sampuli ya figo na kuiotesha, bakteria wataota, na ripoti itasema ukweli mtupu kwamba bakteria wamepatikana. Mfugaji atatibu, vifo vitapungua kidogo kwa sababu ameondoa wavamizi, kisha vitarudi. Mzunguko huo unaweza kula msimu mzima.

Ndani ya samaki

Kati ya Oktoba 2018 na Februari 2019 watafiti walichukua samaki na vifaranga kutoka mashamba mawili yaliyoathirika. Walichokiona kwa macho ni rangi iliyokolea weusi, kuogelea bila mwelekeo na matumbo yaliyovimba. Ukimpasua samaki wa namna hii kuanzia njia ya haja kupanda juu ya ubavu, maji hutiririka kabla hujafika kwenye utumbo. Kisha unatafuta bandama. Kwa sato mzima ni kiungo kidogo, chembamba, chekundu cha kukolea, unachoweza kukikosa usipokuwa makini. Kwa mgonjwa wa virusi vya aina hii huvimba na kukolea kiasi kwamba ndicho kitu cha kwanza jicho linachokutana nacho. Figo nayo, iliyojibana chini ya uti wa mgongo, hulainika. Matamvua hupauka.

Kupauka kwa matamvua kunaeleza mengi. Samaki hana uboho kwenye mifupa kama sisi. Damu yake hutengenezwa kwenye figo ya mbele na bandama. Virusi vikivamia hapo, vimevamia kiwanda cha damu na kambi ya kinga kwa pamoja. Samaki anaishiwa chembe za kubeba oksijeni na anaishiwa askari. Ndiyo maana bakteria wanapata mlango wazi, na ndiyo maana samaki anayeonekana ana nafuu asubuhi anakufa jioni baada ya kushtuliwa tu na wavu au boti.

Chini ya hadubini ya kawaida, tishu zilionyesha seli za viungo hivyo zikiwa zimebadilika umbo, na vilivyomo ndani ya viini vyake vikiwa vimesukumwa pembezoni. Hiyo ni alama ya virusi, ingawa si ya jina. Jina likaanza kuonekana kwenye hadubini ya elektroni: ndani ya seli kulikuwa na chembe nyingi zenye pande zilizonyooka, kila moja na kipenyo cha nanomita zipatazo 160. Panga 6,000 za namna hiyo mstari mmoja na bado hujamaliza milimita. Umbo hilo na ukubwa huo ni wa iridovirusi. TiLV hafanani naye hata kidogo. Yeye ni virusi vya RNA vyenye vipande 10, wa kundi linalofanana kwa mbali na mafua, ilhali iridovirusi ni virusi vya DNA vyenye mwili mkubwa. Kipimo cha vinasaba kikathibitisha: ISKNV, virusi vinavyoangamiza bandama na figo. Vifaranga na wakubwa wote walikuwa navyo kwa wingi. TiLV hakuwapo, wala nodavirusi, kundi jingine la virusi vya samaki.

Hapa inafaa kusema kwa nini kipimo cha kwanza hakikudanganya ingawa kiliacha watu gizani. PCR, yaani kipimo hicho cha vinasaba, ni kama kuita mtu kwa jina katikati ya umati. Ukiita "Juma!" na Juma yupo, ataitika, hata kama ni mmoja kati ya maelfu. Kama hayupo, kimya. Lakini kimya hicho hakikuambii kwamba uwanja ni mtupu. Vipande vya vinasaba vinavyotumika kumtafuta TiLV vimeandikwa kwa mfuatano wa TiLV na haviwezi kushika kitu kingine. Waliofungua fumbo la Volta walianza kwa njia ya kizamani: kupasua, kutazama tishu, kutazama tena kwa hadubini yenye nguvu zaidi, ndipo wakajua jina gani liitwe. Njia hiyo haina jina kichwani inapoanza, ndiyo faida yake. Ni ya polepole, inadai mtu aliyesomea tishu za samaki, na watu hao barani Afrika ni wa kuhesabu.

Kuna mfano wa upande wa pili wa shilingi, na msomaji wa Kiswahili anaweza kuwa na samaki wake ndani yake. Mwaka huohuo wa 2018 ulichapishwa utafiti uliokuta vinasaba vya TiLV kwa sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, samaki wasio na dalili za ugonjwa. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, ziwa moja lilipata "ndiyo" bila mlipuko, jingine likapata "hapana" katikati ya mlipuko. Afisa anayesoma karatasi ya maabara pekee angetangaza dharura Victoria na kurudi kulala Volta.

Virusi "vipya" vyenye umri mkubwa

Neno "ibuka" hutumiwa ovyo. ISKNV haikuzaliwa mwaka 2018. Ilielezwa China katika miaka ya 1990 kwenye samaki wa mandarin, na mfuatano wake wote wa vinasaba ulikamilishwa mwaka 2001. Ndugu yake wa karibu sana alikwisha kuua samaki wekundu wa baharini waliokuwa wakifugwa Japani mwaka 1990. Ndugu hao wawili wamekuwa kwenye vitabu vya shirika la afya ya wanyama duniani kwa miaka mingi. TiLV, kwa upande wake, mwaka 2018 alikuwa bado hajaingia kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya shirika hilo. Yaani virusi visivyo kwenye orodha vilitafutwa na kila mtu, vilivyoko kwenye orodha havikutafutwa na yeyote. Silaumu. Orodha ilivihusisha na samaki wa baharini wa Asia, na masikio ya watu wa tilapia yalikuwa yamejaa habari ya virusi vingine.

Hata kwa tilapia havikuwa vigeni. Marekani viliwahi kupatikana kwenye sato wa kufugwa mwaka 2012. Kilichokuwa kipya Volta ni bara, ukubwa wa maafa, na mazingira: maelfu ya vizimba vikinywa maji ya ziwa moja ambalo halina mlango wa kufunga.

Joto nalo lilivifaa. Virusi vya kundi hili huua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na zaidi, na hupoa maji yakishuka chini ya 20. Kwenye nchi zenye majira ya baridi mfugaji hupata miezi ya kupumua. Ziwa Volta halina miezi hiyo.

Vilifikaje?

Hakuna aliyekamatwa na mfuko. Tunachoweza kufanya ni kupima njia moja baada ya nyingine.

Samaki wa mapambo ni njia inayojulikana. Gurami na jamaa zake wa kwenye matangi ya kioo wamebeba virusi hivi kutoka Asia kwenda mabara mengine, na mwaka 2003 shamba moja la samaki aina ya Murray cod nchini Australia lilipata maafa yaliyohusishwa na virusi vya gurami walioagizwa. Kwa Volta njia hii inawezekana, ila inahitaji hatua nyingi: tangi la nyumbani, mtu wa kumwaga maji au samaki, kisha kizimba kilicho karibu.

Samaki wa kugandishwa ni njia ya pili. Virusi vya kundi hili huvumilia baridi kali, na mabaki ya jikoni hutupwa majini. Inawezekana, lakini siiweki mbele.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipa uzito. Mwaka 2019 watafiti walichapisha ushahidi wa vinasaba kwamba tilapia wa GIFT walikuwa tayari ndani ya bonde la chini la Volta, samaki ambao kisheria hawakuruhusiwa kufugwa humo. Hawakuogelea kutoka Asia. Waliletwa hai, kwa siri, na samaki aliyeletwa kwa siri hapitii karantini, hapimwi, wala hana cheti kinachosema ametoka kwenye kituo gani. Hii haithibitishi kwamba virusi vilikuja tumboni mwao. Inathibitisha kwamba mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wanapita.

Ninachokiona hapa ni jambo la uchumi kabla ya kuwa la ugonjwa. Pengo la ukuaji kati ya samaki halali na samaki haramu lilikuwa ndilo soko la magendo. Kadiri pengo hilo linavyokuwa pana, ndivyo kila askari wa mpakani anavyokuwa na kazi ngumu zaidi. Serikali iliyotaka kulinda vinasaba vya sato wa Volta ilihitaji, pamoja na marufuku, sato wa Volta anayekua vya kutosha kumtoa mfugaji kwenye kishawishi.

Vifaranga, si maji tu

Kuingia ni kitu kimoja, kuenea ni kingine. Watu wengi wakisikia ziwa wanawaza maji: virusi vinatoka kizimba hiki, mkondo unavipeleka kile. Ni kweli, na mizoga inayotupwa majini huzidisha. Samaki wazima huwatafuna wenzao waliokufa, na huo ni mlo uliojaa virusi. Lakini mkondo hauruki kwenda kinyume, wala hauvuki nchi kavu. Gari la vifaranga linafanya yote mawili.

Fikiria jinsi vifaranga wa sato wanavyopatikana. Jike hutaga, dume hurutubisha, jike huyabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Mfugaji hasubiri. Kila baada ya siku kadhaa wafanyakazi huingia kwenye chandarua cha majini wanamokaa samaki wazazi, kiitwacho "hapa", humshika jike mmoja mmoja, humfunua mdomo juu ya beseni na kumsuuza mayai yatoke. Mayai ya majike mengi huchanganywa na kuwekwa kwenye chupa za kutotolea, maji yakizunguka. Vifaranga hulishwa chakula chenye homoni ili wote wawe madume, kisha husambazwa kwa wanunuzi mbalimbali.

Weka jike mmoja mgonjwa kwenye mnyororo huo. Mayai yake yamekaa mdomoni mwake, yameoga ute wake, kisha yameoga na mayai ya wenzake. Utafiti wa Thailand uliotoka mwaka 2016 ulitoa ushahidi kwamba ISKNV hupita kutoka kwa wazazi wa sato kwenda kwa watoto. Vifaranga wa Volta waliopimwa walikuwa na virusi kwa wingi. Kwa hiyo mfugaji mdogo aliyepoteza samaki wake, akaosha kizimba, akakianika juani, akaazima fedha na kununua vifaranga wapya, anaweza kuwa alinunua ugonjwa kwa mara ya pili kwa mkopo.

Baada ya jina kujulikana

Inaaminika sana kwamba ugonjwa ukishatambuliwa kazi kubwa imekwisha. Kwa virusi vya samaki, kutambua ni mahali pa kuanzia tu. Hakuna dawa ya ISKNV. Antibiotiki husaidia dhidi ya wavamizi wa bakteria na kwisha hapo. Habari njema pekee ni kwamba virusi hivi havimpati binadamu.

Chanjo ipo kwa baadhi ya samaki huko Asia, ya kudunga sindano, mmoja mmoja. Inafanya kazi ukiwa na samaki msafi aliyekua vya kutosha kushikwa na kudungwa kabla hajakutana na virusi. Kule Volta vifaranga walikuwa wanakutana navyo kabla ya kufikia ukubwa wa sindano. Unamchanja aliyekwisha kuumwa.

Wafugaji wakajaribu joto. Vifaranga huwekwa kwa muda kwenye maji yenye joto kuliko kawaida, kwa matumaini kwamba virusi vitashindwa kuzaliana wakati samaki anavumilia. Sato ni mvumilivu wa joto, na hoja hiyo si ya kipuuzi. Hata hivyo, vifaranga wanaotoka kwenye maji ya moto wanakwenda kwenye ziwa lilelile. Joto halifuti kilichopo nje.

Jibu lililonifikirisha zaidi ni jingine, na halihitaji sayansi: kuzalisha vifaranga wengi zaidi kufidia watakaokufa. Mwenye shamba kubwa lenye kituo chake cha kutotolea anapiga hesabu. Kama anatarajia 6 kati ya 10 wafe, basi kwa kila samaki 4 anaowataka sokoni ataweka vifaranga 10. Wanakufa mapema, wakiwa wadogo, kabla hawajala chakula kingi, na mvuno wa mwisho unafanana na wa zamani. Kwa shamba moja hesabu inakaa. Kwa ziwa haikai. Kila kundi jipya la vifaranga wasio na kinga ni kuni zinazoongezwa motoni, na virusi havikosi mwenyeji hata siku moja. Na mfugaji mdogo mwenye vizimba vinne hana kituo cha kutotolea. Kila kifaranga anayekufa ni fedha aliyolipa. Mkakati uleule unaomwokoa mkubwa humfilisi mdogo, halafu takwimu za taifa za uzalishaji zinaonyesha sekta imepona.

Lingeweza kufanyika nini kingine? Kwenye nchi zilizowahi kupigwa na virusi vya samaki wa vizimba, njia iliyofanya kazi ilikuwa kugawa maji katika kanda, mashamba yote ya kanda moja yavune na kupumzisha vizimba kwa wakati mmoja. Chile ilipitia hapo baada ya virusi vya upungufu wa damu vya salmoni kuiangusha kuanzia mwaka 2007. Lakini kule kampuni chache kubwa zilikaa mezani, na benki zao zikawasukuma. Volta ina wakubwa wachache na wadogo wengi wanaoishi kwa mvuno wa wiki hii. Kumwambia mtu wa namna hiyo aache vizimba vitupu kwa miezi, bila fidia, ni kumwomba afunge duka ili jirani yake auze. Ningeanza na vituo vya vifaranga. Ni vichache, vinajulikana, vinapimika, na wazazi wanaweza kuhamishiwa kwenye matangi ya nchi kavu yenye maji yasiyotoka ziwani.

Kupima kumerahisika kidogo. Miaka iliyofuata, watafiti walitengeneza njia ya kusoma vinasaba vyote vya ISKNV kwa vipande vidogo vinavyopishana, wakaitumia kwa sampuli za Volta za miaka tofauti. Huhitaji tena kumuua samaki kila mara. Ute unaofutwa kwenye ngozi yake kwa pamba unaweza kutosha. Kwa mwenye kituo cha kutotolea hii ni tofauti kubwa, kwa sababu hakuna anayekubali kumpasua mzazi wake bora ili ajue kama alikuwa mzima.

Na swali la wazazi bora ndilo lililobaki mezani. Katika kila kizimba kilichofagiliwa kuna waliobaki. Wameona virusi, hawakufa, wamekua, wamenona. Mfugaji anawatazama na kuona kinga: hawa ndio wa kuzalisha. Anaweza kuwa sahihi, kwa sababu uwezo wa kuhimili ugonjwa hurithiwa na ndiyo njia ambayo mifugo mingi imeimarishwa. Anaweza pia kuwa ameshika mikononi jike aliyepona bila kusafika, mwenye mdomo uliojaa mayai. Kwa macho hao wawili hawana tofauti, na wanawekwa kwenye "hapa" moja.